Mchanga Ndani ya Madirisha

Watu wengi wa Kamina hawakuwahi kufungua dirisha la kupandisha, kwa hiyo nianze nalo. Lina fremu mbili za mbao zenye vioo, moja juu na moja chini, kila moja ikipita katika mfereji wake. Ukitaka hewa unainua ile ya chini, nayo inabaki pale ulipoiacha, bila ndoano wala kijiti cha kuitegemeza. Siri iko ubavuni. Kila upande wa dirisha kuna kasha jembamba la mbao, na ndani ya kasha vipande vya risasi vinaning'inia kwa kamba. Nasema risasi, si ile ya bunduki, bali madini yenyewe, mazito na laini hata ukucha huacha alama. Kamba inatoka kwenye kasha, inapita juu ya kapi, inashuka na kushika fremu. Fremu ikipanda, risasi inashuka. Kila fremu ina vipande viwili, kimoja kila upande. Vikiwa na uzito sawa na wa fremu yao, hata bibi kizee ataiinua kwa kidole.

Nyumba niliyoijua yenye madirisha hayo ilikuwa moja tu, nyumba ya wageni ya misheni. Ilijengwa zamani na mhandisi wa reli, mgeni aliyetaka madirisha ya kwao. Yeye aliondoka, misheni ikarithi. Nilipoingia pale kama seremala, katika miaka ya Zaire, madirisha yalikuwa kumi na sita na yaliyofunguka yalikuwa mawili. Mengine yalikuwa yamegandishwa na rangi, au kamba zilikuwa zimekatika na mpishi akayategemeza kwa kuni. Padri alitaka kuyang'oa. Nilimwomba dirisha moja na wiki moja.

Sikusoma shule ya ufundi. Shule yangu iliishia darasa la sita. Nilichokuwa nacho ni kitabu cha useremala cha Kifaransa kisicho na jalada, nilichokinunua kwa mama mmoja karibu na stesheni aliyekuwa akichana kurasa zake kufungia karanga. Kurasa za madirisha zilikuwa bado hazijachanwa. Nilikisoma kwa kamusi, Jumapili baada ya misa, karibu mwaka mzima.

Dirisha la kwanza lilifunguka. Padri alilipandisha na kulishusha mara nyingi, akicheka peke yake, kisha akanipa ufunguo wa nyumba. Alisema yote kumi na sita yakifunguka, karakana ya misheni itakuwa mikononi mwangu. Mtu asiye na cheti cha shule anajua maana ya maneno kama hayo. Ufunguo ule ndio uliokuwa cheti changu.

Nilifanya kazi kwa utaratibu. Nilikwangua rangi ya zamani, nikabadilisha mastiki inayoshikilia vioo, iliyokuwa imekauka, nikasugua mifereji kwa mshumaa. Kila fremu niliipima pamoja na vioo vyake kwa mizani ya muuza nyama. Kila kipande cha risasi nilikigonga namba ya dirisha lake kwa msumari, nikaiandika na kwenye daftari. Halafu, ndani ya kifuniko cha kila kasha, niliandika kwa penseli uzito unaotakiwa, ili fundi atakayekuja baada yangu asipate shida.

Baba mkwe wangu alikuja katika mwaka wa pili. Alikuwa amestaafu kazi ya reli, na pensheni yake haikutosha hata chumvi. Mke wangu ndiye aliyeniomba. Kwetu Waluba, mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa umbali. Humtazami usoni. Huli mbele yake. Humpi kitu mkononi, unakiweka chini naye anakiokota. Nilijiuliza namna ya kufanya kazi na mtu kama huyo, nikakuta dirisha lenyewe lina jibu. Yeye angekuwa nje kwenye ngazi, akikwangua na kupaka rangi. Mimi ndani, na makasha yangu. Kioo kikawa katikati. Patasi niliiweka kwenye kizingiti na kugeuka kando, naye akaichukua. Tuliongea tukitazama mbao.

Mpishi wa misheni, mke wa askari wa kambi ya jeshi, mtu wa jimbo la Ekwateri, hakuchoka kutucheka.

"Weye na tata mukwe," aliniambia siku moja, "munaongeaka na dirisha ao na muntu?"

"Na dirisha," nilimjibu. "Ile kitu njo inanijibu."

Baba mkwe alicheka upande wa pili wa kioo. Nilifurahi kumsikia akicheka. Nilikuwa nimempenda mzee yule. Nasema hivyo kwa sababu bila jambo hilo yanayofuata yangekuwa wizi wa kawaida tu.

Madirisha tisa yalikuwa tayari nilipougua homa iliyonigeuza macho kuwa ya manjano. Nililala karibu miezi miwili. Upande wa magharibi niliacha madirisha saba yakiwa wazi, makasha yamefunguliwa, risasi zimepangwa sakafuni kwa namba zake, zikingoja kamba mpya. Baba mkwe alichukua ufunguo kwangu. Hakuingia chumbani nilipolala. Alisimama mlangoni akatazama ukuta.

"Lala, mukwe," alisema. "Ile saba nitaimaliza miye. Nilikuona ukifanya."

Nikiwa bado kitandani, samaki walianza kuja. Kila Ijumaa alituma kwetu samaki waliokaushwa, wa Kinkondja kule ziwani, wale wanaoletwa na wachuuzi kwa baiskeli. Mke wangu alisema babake ana bahati, amepata rafiki mvuvi. Nilikula. Mchuzi wa samaki wale ndio uliorudisha nguvu za miguu yangu.

Niliporudi kazini mzee aliniwekea ufunguo kwenye kizingiti, na madirisha saba yalikuwa yamefungwa, yamepakwa rangi, yanapanda na kushuka. Padri alimsifu mzee mbele yangu, nami nikajivuna kama mwalimu. Jambo moja tu halikunikaa sawa. Madirisha yangu tisa yalipanda hadi juu kabisa na kubaki. Yale saba yalifika robo tatu, na ukiyasukuma zaidi yalirudi taratibu hadi pale pale. Nilisimama mbele ya la kwanza muda mrefu na bisibisi mkononi. Kasha linafunguliwa kwa skrubu mbili. Ingekuwa kazi ya fundi mwingine yeyote, ningezifungua kabla ya chai ya asubuhi.

Lakini mzee alikuwa upande wa pili wa kioo, kwenye ngazi, na brashi. Kufungua kazi ya mkwe mbele yake ni kumvua nguo. Nilijiambia ni rangi mbichi imeingia kwenye mifereji. Nilijiambia mbao zimevimba. Nilirudisha bisibisi mfukoni, nikasugua mshumaa mahali ambapo haukuhitajika. Mimi niliyepima hata mastiki kwa mizani, sikupima yale saba.

Mvua za mwaka ule zilipiga sana upande wa magharibi. Mwezi wa pili, mtawa aliyesimamia nyumba ya wageni aliinua dirisha la kumi na mbili ili afute kizingiti. Fremu ilimwangukia mkononi, vidole viwili vikavunjika. Nilikuwa karakana. Nilipofika alikuwa amekaa kitini, mkono umefungwa kitambaa, uso wake mweupe kama chokaa. Chini ya dirisha, kutoka kwenye ufa wa kasha, mchanga mwororo ulikuwa unamwagika sakafuni, ule mchanga mwekundu wa barabara za Kamina.

Padri aliniambia nifungue. Mpishi alikuwepo, wafanyakazi wawili wa bustani, na baba mkwe nje, nyuma ya kioo, brashi imetulia. Nilitoa skrubu mbili. Hakukuwa na risasi. Kulikuwa na mifuko ya kitambaa iliyojazwa mchanga, mirefu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, na mmoja ulikuwa umeoza kwa maji ukapasuka. Nikaelewa yote mara moja, hata ile robo tatu. Risasi ya uzito ule ina urefu wa shubiri. Mchanga unahitaji nafasi kubwa zaidi, kwa hiyo mfuko hugusa sakafu ya kasha kabla fremu haijafika juu. Mizigo ilikuwa sahihi kabisa. Alikuwa amesoma penseli yangu kwenye vifuniko.

Hilo nililiona mimi na wengine wangeweza kulielewa. Lakini kitu kingine nilikiona peke yangu. Mfuko ulikuwa umeshonwa kwa kitenge cha bluu chenye majani ya njano. Kilikuwa kitenge cha mke wangu. Nilikuwa nimemnunulia mwaka tuliozaa mtoto wa pili. Na mshono ule, wa nukta ndogo ndogo zilizobanana, niliuvaa kila siku kwenye kola zangu.

"Nani ametia mchanga humu?" padri aliuliza.

Nilikuwa nangoja mzee aseme. Nilimwachia nafasi aseme mwenyewe, kama heshima inavyotaka: mkwe hashitakiwi na mume wa binti yake, anaachiwa njia. Padri aligeukia dirisha, akamuuliza yeye.

Baba mkwe alishuka ngazi, akaja hadi mlangoni, akavua kofia. Alitazama sakafu.

"Miye niliweka vile mukwe alinionyesha, mupe," alimwambia padri. "Miye ni muntu ya inje tu. Mambo ya ndani iko yake."

Nilikuwa na maneno. Daftari langu lilikuwa karakana, na namba za kila kipande. Mpishi angeweza kumkumbusha padri kwamba nilikuwa mgonjwa wakati ule. Aliniangalia mara moja akingoja nianze. Lakini ningesema nini mbele ya watu kuhusu baba wa mke wangu, huku mkononi mwangu kuna kitambaa cha nyumba yangu? Nilikunja mfuko, nikauweka ndani ya shati langu. Padri aliona nikiuficha. Kwake yeye hilo lilikuwa jibu.

Aliufungua mkono wake, nikaweka ufunguo. Hakunifokea. Alisema tu kwamba alidhani ananijua.

Nyumbani nilitandaza mfuko mezani. Mke wangu alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Aliangalia kitambaa, akaendelea kuchambua, kisha akaacha.

"Ulishona mingapi?" nilimuuliza.

"Yote."

"Alikuambia ni ya nini?"

"Aliniambia. Bavuvi ya Kinkondja banatafuta risasi ya kufunga ku nyavu, banayeyusha. Dirisha haina tumbo."

"Na mimi ukaniacha nirudi kule."

Alisukuma sombe kando. "Ulikuwa unakufa," alisema. "Samaki ile ulikula, ulifikiri ilitoka wapi?"

Nilimwuliza la pili: kwa nini, nilipopona, hakuna aliyeniambia. Ningeweza kutafuta vipande vya chuma cha reli, nivipime, nivitundike usiku mmoja baada ya mwingine, na vidole vya mtawa vingekuwa vizima. Kuniokoa kwa risasi ya misheni naweza kuelewa. Kunyamaza miezi yote ile, nami nikisimama mbele ya madirisha yale na kujisifu, sielewi. Alisema babake alikataza. Alisema mtoto hamvui baba nguo. Alitumia maneno yale yale niliyojiambia mimi mwenyewe na bisibisi mkononi.

Baada ya wiki mbili misheni iliamua madirisha ya magharibi yafungwe kwa misumari, yasimwangukie mtu tena. Nilipita barabarani asubuhi nikielekea kutafuta kazi kwa wajenzi wa kambini, nikasikia nyundo. Alikuwa baba mkwe, kwenye ngazi ile ile, upande wake ule ule wa nje. Walimpa yeye kazi. Alikuwa amefika dirisha la kumi na mbili. Nilisimama. Alinisikia, akageuka nusu, uso wake ukitazama ukuta kama inavyopaswa.

"Wakomapo, mukwe," alinisalimu kwa Kiluba.

Nilitaka kuuona uso wake. Mara moja tu, nione kama kuna kitu pale. Lakini mila haikunipa ruhusa hiyo, na yeye alijua. Heshima niliyompa miaka yote ile alikuwa ameigeuza ukuta, naye amesimama nyuma yake salama.

"Eyo vidye," nilijibu, yaani ndiyo bwana, nikitazama mchanga.

Ijumaa ile samaki walikuja tena, wamefungwa kwenye jani. Kumrudishia mkwe zawadi ni kumshitaki mbele ya mtaa mzima. Mke wangu aliwapika, akaweka sahani mbele yangu, akatoka nje. Nilikula peke yangu, polepole, nikitoa miiba mmoja mmoja na kuipanga pembeni mwa sahani, mpaka wakaisha.