Juma la Ndiyo na Hapana

Rafiki yangu, kama hujawahi kuishi kwenye komini ya Tshopo, mtaa wa mji wa Kisangani, hujui kelele ambayo wenyeji wake hawaisikii. Maporomoko yananguruma chini ya bwawa la umeme kutwa kucha, na sisi tuliozaliwa pale tuliyasikia tu siku tuliporudi kutoka mbali. Juzi nilirudi Kisangani, baada ya miaka mingi ya kuishi Bunia, nikiwa na binti yangu wa miaka kumi. Nilipoteremka kwenye pikipiki nikayasikia maporomoko, na nikakumbuka Ijumaa moja nilipokuwa na umri wake.

Familia imekubali kuuza kiwanja cha bibi, yule tuliyemwita Koko. Mnunuzi ataivunja nyumba. Nilikuja kuchukua cha kuchukuliwa, na ukweli ni kwamba hakikuwepo. Milango ililiwa na mchwa, mabati yalikwenda na watu. Kilichobaki kimesimama vizuri ni ukuta wa jikoni, na juu yake, usawa wa kifua cha mtu mzima, doa la kijivu la makaa ambalo chokaa haikuwahi kulifunika. Niliweka kiganja pale. Binti yangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia akae juu ya jiwe, nimsimulie. Na wewe kaa.

Koko alikuwa mtu wa mto, mzaliwa wa upande wa Yanonge, mwenye mikono iliyonuka moshi wa samaki hata siku ya sikukuu. Hakupenda watu wanaojua Biblia mdomoni tu. Alikuwa akisema kanisani kila mtu ni malaika, lakini kwenye foleni ya maji ndipo utamjua. Kwa hiyo alikuwa na desturi yake. Kila Jumatatu, baada ya kuwasha jiko, alichukua kipande cha makaa kilichozimika, akafuta ukuta kwa kitambaa kibichi, akaandika neno moja au mawili kutoka kwenye somo la Jumapili. Lilikuwa neno la juma, na nyumba nzima ililiishi mpaka Jumamosi jioni.

Usifikiri lilikuwa jambo la kupendeza tu. Juma la kuwapenda adui, alinituma na sahani ya lituma, ile ndizi ya kupondwa na mafuta ya mawese, nimpelekee mwalimu aliyenichapa siku iliyotangulia. Nililia njia nzima, na mwalimu alipoipokea naye machozi yakamlengalenga. Juma la kutolala na hasira, mimi na yaya, dada yangu mkubwa, tuligombana asubuhi na mapema ili tupate muda wa kutosha wa kupatana kabla jua halijazama. Koko alituona, akacheka mpaka akashika mbavu.

Na kulikuwa na zawadi. Jumapili Koko alipika samaki mkubwa kwenye majani, na aliyelishika neno juma zima bila kulivunja alikula kichwa. Kwetu kichwa cha samaki ni cha mkubwa wa nyumba. Unakinyonya polepole, mashavu, macho, ule ute wa nyuma ya ubongo, na wengine wanakutazama. Yaya alikipata karibu kila mara. Mimi nilikuwa na mdomo mrefu, nilikuwa naongeza chumvi kwenye kila habari, na kichwa nilikuwa nakisikia tu kwa harufu.

Ng'ambo ya ua wetu wa mianzi alikaa mama jirani. Alikuwa mjane, hana mtoto, alifika zamani kutoka Maniema na mumewe, na mume akafa. Alitengeneza kwanga, mihogo ile iliyofungwa kwenye majani, na nyumba yake daima ilikuwa na harufu chachu ya mihogo iliyolowekwa. Hakujua kusoma. Kila Jumatatu alikuja kusimama mbele ya ukuta wetu, Koko akamsomea neno, naye akalirudia. Kisha alikwenda nalo mtoni, akalisema peke yake huku anaosha majani, ili lisimtoke. Nilikuwa naenda naye kuteka maji. Namna alivyolinong'ona ilinichekesha, na hakukasirika. Alikuwa ananirushia maji usoni, anaendelea.

Juma lile Koko aliandika maneno mawili kwa herufi kubwa. NDIYO. HAPANA.

"Juma hii," alituambia, "mutu akikuuliza kitu, jibu ndiyo ao hapana. Basi. Kile unaongeza juu yake, shetani anapitia mule."

Alisema akinitazama mimi. Yaya akacheka kimoyomoyo, nikamwona. Nikaapa moyoni kwamba safari hii kichwa cha samaki ni changu, hata dunia ipinduke.

Rafiki yangu, dunia ilipinduka.

Tangu Jumatatu hewa ilikuwa nzito. Mvua ilitishia na haikunyesha. Mtoto mchanga wa mwalimu wetu alishikwa na homa, akawa anakakamaa, na Jumatano mchana tukasikia kilio kutoka upande ule, kile kilio ambacho huulizi ni cha nini. Alhamisi asubuhi Koko akaitwa Yanonge kwenye msiba wa ndugu yake, akapanda mtumbwi wa injini, akatuacha na mama jirani atupikie. Alipokuwa anaondoka aliangalia mbingu kwa muda mrefu, akamwambia mama jirani arudi ndani mapema. Sikuelewa kwa nini.

Barabarani kwetu kulikuwa na chumba cha maombi. Mke wa mwalimu alisali pale. Siku ile ya Alhamisi ngoma ya chumba kile ilianza mchana na haikunyamaza. Wanawake waliopita mbele ya ua wa mama jirani waliacha kumsalimu. Mmoja alivuka barabara na mtoto wake mgongoni alipoiona sinia ya kwanga. Mama jirani aliziuza mbili tu, nyingine tulikula sisi. Alikula kidogo, akawa anasema neno lake chini chini, ndiyo, hapana, ndiyo, hapana, kama mtoto anayeogopa mtihani.

Ijumaa baada ya shule walinisimamisha. Aliyeniita alikuwa kiongozi wa chumba cha maombi, mama mnene mwenye kitambaa cheupe kichwani na sauti laini sana. Nyuma yake walisimama watu wengi kuliko nilivyozoea kuona pamoja bila kelele. Mke wa mwalimu alikuwa amekaa chini, ananitazama. Kwa macho yale nilijua kwamba walikuwa wanatafuta mtu aliyemroga mtoto wake, na kwamba nyumba ya huyo mtu haitalala salama.

"Mutoto, kuja hapa. Usiogope. Unaendaka na ule mama wa Maniema ku mto?"

"Ndiyo."

"Ulimusikia anasema peke yake?"

"Ndiyo."

"Kulikuwa mutu anasema naye?"

"Hapana."

"Lakini anasema kama vile mutu anamuuliza, yeye anajibu? Anasema ndiyo, anasema hapana?"

Nilijua lile neno lilikuwa la ukutani kwetu. Lilikuwa ulimini, rafiki yangu, sentensi nzima, tayari: anakariri neno la juma, hajui kusoma. Lakini yaya alikuwa amesimama pembeni na mkoba wake wa shule, ananiangalia kuona kama nitavunja. Nilikumbuka vichwa vyote vya samaki nilivyovikosa. Nikakumbuka na shetani anayepitia kwenye maneno ya kuongeza.

"Ndiyo," nikasema.

"Juzi Jumatano alitupa kitu ndani ya mayi ya mto?"

Alitupa majani ya kwanga yaliyooza. Aliyafunga pamoja ili yasielee na kukwama kwenye mitumbwi. Mimi mwenyewe nilimshikia kamba.

"Ndiyo."

"Kilikuwa kimefungwa?"

"Ndiyo."

"Bon," alisema yule mama, akanishika kichwa. "Mumesikia. Mutoto hawezi kudanganya."

Mke wa mwalimu akaanguka kifudifudi, akapiga yowe. Nilikwenda nyumbani nikijisikia mrefu. Sitakuficha hilo. Nilikuwa nimeulizwa maswali sita na watu wazima na sikuongeza hata neno moja. Lakini jioni ile sikula.

Jumamosi, jua likiwa juu ya vichwa, walikuja. Hawakukimbia, walitembea wakiimba. Walitoa nje masufuria ya mama jirani, mikeka, pipa la kulowekea mihogo. Pipa walilipindua, maji yake meupe yakapita chini ya ua mpaka kwetu, yakanifikia miguuni. Mtu mmoja alisema petroli, mwingine akasema hapana, aondoke tu, leo hii. Mwalimu alisimama kando, kofia mkononi. Aliwahi kupokea lituma kutoka mkononi mwangu. Nilimwangalia, naye akaangalia chini.

Mama jirani alitoka na beseni moja kichwani. Damu ilikuwa kwenye sikio lake. Alipita mbele ya lango letu, akasimama. Yaya alikuwa analia. Mimi nilikuwa nimekauka.

"Umuambie Koko," aliniambia, "neno ya juma niliishika yote. Waliniuliza maulizo, sikuongeza kitu."

Ndipo nilipoelewa kwamba na yeye walimuuliza. Walimuuliza kama anasema peke yake mtoni, akajibu ndiyo. Walimuuliza kama alitupa kitu, akajibu ndiyo. Alijibu kama alivyofundishwa mbele ya ukuta wetu.

Koko alishuka kwenye mtumbwi jioni, na samaki wa Yanonge kwenye kapu. Yaya alimsimulia yote pale pale ufukweni. Koko hakupiga kelele. Alikwenda akasimama mbele ya nyumba ya mama jirani iliyo wazi, kisha akaenda kwa mwalimu, kisha kwenye chumba cha maombi, na sijui alisema nini huko, kwa sababu aliporudi sauti ilikuwa imemwishia. Jumapili hakwenda kanisani. Alipika samaki. Akachukua kichwa, akakiweka kwenye sahani yangu.

"Umeshika neno," alisema. "Kula."

Nilikula. Alinitazama mpaka nikamaliza. Kisha alijifunika kitenge usoni, akasema, "Ni mimi niliandika. Ni mimi." Alilia mpaka nikaogopa kwamba atakufa pale mezani.

Jumatatu aliwasha jiko, akafuta ukuta, akachukua kipande cha makaa. Hakuandika. Alikiweka mkononi mwangu. "Andika wewe. Ile unajua sasa." Nilisimama mbele ya ukuta mpaka sombe, yale majani ya mihogo, ikaungua jikoni. Sikuandika kitu. Koko hakunigombeza. Alichukua makaa, akayarudisha jikoni, na tangu siku ile ukuta wetu haukusema tena.

Alimtafuta mama jirani kwa miezi. Alivuka mpaka Lubunga, akaulizia kwenye malori yanayoelekea Maniema. Mtu alidai amemwona huko Bengamisa akiuza kwanga. Wengine, walipoulizwa, waliangalia mto. Koko alikufa bila kujua, na mimi nimezeeka hivi bila kujua, na bado nikiona mwanamke mzee mwenye beseni kichwani namfuata hatua kadhaa.

Leo hakuna kitu pale. Ua wa mianzi umekwisha. Baiskeli za toleka zilizokuwa zikitubeba kwenda sokoni kwa kengele zao zimekwisha, ni pikipiki tupu. Harufu ya mihogo iliyolowekwa, ambayo tuliilaumu kila siku, ningeinunua kama ingekuwa inauzwa. Na pale ilipokuwa nyumba ya mama jirani wamejenga chumba cha maombi kipya, kikubwa, chenye mabati yanayong'aa. Nilipokuwa namsimulia binti yangu, ngoma ilikuwa imeanza humo. Watoto walikuwa wamekaa kwenye kizingiti, wanyamavu kupita kiasi, na mwanamke mwenye kitambaa cheupe alikuwa ameinama, anamuuliza mmoja wao kitu kwa sauti laini.

Nilitamani kuondoka. Badala yake niliomba kipande cha makaa kwa jirani anayeuza mikate ya kukaanga, nikarudi kwenye ukuta, nikaandika kwa herufi kubwa juu ya lile doa: ALIKUWA ANAJIFUNZA NENO LA JUMA. HAKUJUA KUSOMA. Keshokutwa ukuta utaangushwa.

Binti yangu alisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Alisoma mara mbili. Ngoma ikazidi kule ng'ambo. Kisha akanigeukia na macho yale ya watoto yasiyopepesa.

"Mama, wewe uliwaambia hivi?"

Nilitafuta maneno. Nilikuwa na umri wake, nilikuwa naogopa, Koko alikuwa safarini, yaya alikuwa ananiangalia. Yote yalikuwa kweli, na yote yalikuwa yamefika ulimini, tayari.

"Hapana," nikamjibu.