Sketi Isiyo na Pindo

Fundi cherehani wa pembeni mwa soko la Bariadi huongea na pini mdomoni, na wateja wake humwelewa vizuri tu. Mtoto humpima kwanza kwa kiganja, begani hadi kiunoni, ndipo achukue futi. Akishona sare ya shule huacha pindo la vidole vinne. Mzazi akinung'unika kwamba sketi inaburuza, humjibu bila kuinua macho, “Kitambaa hakikui. Mtoto anakua.”

Binti yake alifariki mwaka juzi, akamwachia Nyanjige, mjukuu wa miaka saba, ambaye mchana hulala kwenye vipande vya vitambaa chini ya meza ya kukatia. Wiki hii Bundala, baba wa mtoto, alikuja kutoka Mwanhuzi kumchukua. Kikao cha ndugu hakikuchukua muda: ng'ombe wa mahari walitoka wote, basi mtoto ni wa kwa baba yake. Fundi hakubisha. Aliomba siku mbili tu amshonee mjukuu wake sare ya kuanzia shule huko aendako.

Jumamosi Bundala aliigeuza sketi, akaikagua chini.

“Mayu,” alisema, akimwita mama kwa adabu ya mkwe, “mbona hukuacha pindo? Si itakuwa fupi kabla mwaka haujaisha?”

Fundi alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye khanga yake. Kiganja chake kilikuwa bado begani kwa mtoto.

“Ikiwa fupi,” alisema, “mlete nimpime.”