Video ya Singo Inakwama

Mwanakombo alikuwa amechoka, na si uchovu ule wa kulala ukaisha. Macho yalimwasha, mgongo ulimuuma, na pale mezani, chumbani kwake Ufukoni, bibi harusi Safina alikuwa ameganda kwenye kioo cha kompyuta, mkono mmoja juu. Sauti ya ngoma ilikwenda mbele kwa raha zake. Picha ilibaki nyuma, ikaruka, ikaganda tena.

"Cheza basi, mama, cheza!" akaibembeleza.

Wapi! Kamera yake ilikuwa mpya, kali, matone ya jasho puani unayahesabu. Kompyuta nayo ilikuwa kuukuu, hata betri ilishakufa. Kuilisha video ya kamera ile ni kumpa kibogoyo korosho.

Ingekuwa video ya mkutano, angewapelekea mafundi akalala zake. Lakini hii ilikuwa singo, siku wanawake wanapomsugua bibi harusi kwa liwa na manukato, mlango umefungwa, vichwa wazi, viuno vimeachiwa. Ndiyo maana huitwa yeye, hawaitwi wapiga video wanaume. Aliwaapia wale wanawake kwamba jicho la mwanamume halitaiona. Na mafundi wote anaowajua wana ndevu.

Angeweza kuitoa hivyohivyo, bora liende. Lakini kulikuwa na Mama Safina. Siku ya singo mama huyo alikuwa amelazwa, kiharusi kimempiga, hamjui hata mwanawe. Wazee wakasema harusi haiahirishwi, wageni wameshavuka mto. Safina akaolewa, akavushwa Ruvuma kwenda kwa mumewe upande wa Msumbiji. Sasa mama akili zimemrudia, yuko kitandani Mikindani, mkono mmoja hauinuki, na kila anayeingia humwuliza lilelile: "Safina alicheza?" Ndiye mwanawe wa pekee. Mtu kama huyo utamwambiaje kwamba kompyuta haina nguvu?

Akaenda kumwita Zeferino, fundi wa jirani, ambaye wazazi wake walitoka hukohuko ng'ambo.

"Nije niangalie nini, dada, kama sitakiwi kuangalia?"

"Utaangalia ukuta."

Basi Zeferino akakaa kwenye kigoda, kompyuta kaipa mgongo, uso kauelekeza kwenye kalenda ya mwaka juzi. Kituko jamani! Daktari anatibu mgonjwa asiyemwona.

"Unaichezesha kutoka wapi?"

"Kwenye kadi ya kamera."

"Ala! Ihamishie kwanza ndani ya kompyuta. Halafu funga kila kitu kingine ulichofungua."

Akahamisha, akafunga. Ikaenda, ikaenda, mpaka Safina alipoanza kuzunguka. Hapo ikakwama.

"Ni kipande hikihiki tu," Mwanakombo akasema. "Anageuza shingo, picha inaruka, namwona shangazi yake anapiga makofi."

"Kikate, dada. Kugeuza shingo tu, nani atajua?"

Wallahi alitaka kukata. Kidole kilishafika. Mtu aliyechoka kila kitu kwake ni sawa tu. Lakini akamkumbuka yule mama na swali lake, na maji alishayavulia nguo.

"Sikati!" akasema, na machozi yakamtoka, ya hasira zaidi kuliko huzuni.

Zeferino alimsikia analia, asigeuke. Muungwana yule. "Basi tengeneza nakala nyepesi," akasema taratibu. "Punguza ukubwa wa picha, ile ya asili uiache. Itachukua muda, usiiguse." Akamwelekeza kila pa kubonyeza, yeye na kalenda yake, kisha akaenda zake.

Adhuhuri umeme ukakatika, nakala ikafa katikati. Gesi ya kuzalisha umeme inapita Madimba, hapahapa kwetu, inakwenda zake Dar es Salaam, na sisi huku tumebaki kutazamana! Uliporudi, Mwanakombo akaanza upya. Akaswali, akakaa, akasinzia mezani. Alipoamka nakala ilikuwa tayari. Aliitazama kidogo mwanzoni, akaona viuno na ngoma vinakwenda pamoja, basi akaibeba kompyuta, akapanda bodaboda kwenda Mikindani.

Mama Safina akainuliwa, akaegemezwa mito. Mwanakombo akachomeka waya, akafungulia. Ngoma ikaanza, Safina akazunguka, na safari hii hakuganda. Akageuza shingo, akatazama kando. Akazunguka, akatazama tena kulekule. Mwisho akaacha kucheza kabisa, kasimama, anakodoa macho, mpaka shangazi yake akamshika bega akampigia makofi, naye akaendelea.

Mwanakombo ndiye aliyeshika kamera siku ile, na hilo hakuliona.

"Anatazama nini?" akajiuliza kwa sauti.

Mama Safina akanyoosha ule mkono mzima, akagusa kioo. Maneno yalimtoka kwa shida.

"Mlango," akasema. "Ananingoja mimi."

Yule mama alikuwa analia kwa upande mmoja wa uso, ule unaoweza.

"Rudisha, mwanangu."

Akarudisha. Safina akazunguka, akageuza shingo, akatazama mlangoni.

"Nishafika, mama," Mama Safina akamwambia. "Cheza."