Siku Mama Mkwe Alipohesabu

Asubuhi ya usaili wangu wa uraia, mlima ulikuwa umejifunika na Nyeri yote ilikuwa ukungu mtupu. Watu walitokea mbele yetu, wakapita, wakayeyuka. Nilitembea kando ya mama mkwe, shahidi wangu, kama niko usingizini, bahasha ya vyeti kwapani.

Mimi ni mtu wa Tanga, ng'ambo ya mpaka. Mume wangu alinileta huku, akanizoesha baridi, kisha akafariki. Kibali changu cha kuishi kilikuwa kinaelekea kwisha. Nikikosa uraia nirudi kwetu, wanangu wabaki Kiganjo na bibi yao.

Afisa, mtu wa magharibi mwa nchi aliyehamishiwa huku juzijuzi, aliuliza rangi za bendera na idadi ya kaunti. Nikajibu bila kukwama. Akasema naongea kama mtangazaji wa redio. Nikajiona bingwa, maskini mimi.

"Uko na watoto wangapi?"

"Wapo," nikasema.

Kwa Wagikuyu wa zamani, watu hawahesabiwi kwa kinywa. Ni kuita mabaya. Mama mkwe alinifunza hilo mwaka wangu wa kwanza, kwa kunifinya paja mbele ya wageni. Mdomo ukazoea.

"Wapo wangapi?"

"Wa kutosha."

Akaweka kalamu chini. Mama gani hajui watoto wake? Nikaona anaanza kushuku kwamba ndoa yangu ilikuwa ya karatasi. Neno "watatu" lilifika kwenye ulimi, lakini kando yangu alikaa mama mkwe, ambaye hata mwaka haujaisha tangu azike mwanawe, mume wangu. Nikalimeza. Ujinga, najua.

Afisa akamgeukia. "Na wewe mama, uko na wangapi?"

Ukungu ulikuwa umefika dirishani, na chumba kizima kilionekana kuelea. Mama mkwe akatoa mkono ndani ya leso, akaanza kukunja vidole, yeye ambaye hakuwahi kuhesabu hata kuku wake.

"Nilizaa sita," akasema. "Nikazika mmoja."

"Kwa hivyo wamebaki watano."

"Wako sita." Akaweka mkono juu ya goti langu. "Huyu ndiye wa sita. Andika."

Afisa akaandika, na chini yake akaandika nikubaliwe. Mimi nililia palepale, machozi na kamasi, na sikuona haya.