Mgongo wa Babu

Bibi yangu alikuwa mchora mabango ya maduka, na sijui mteja hata mmoja aliyepata alichoagiza. Kinyozi aliomba kichwa cha mwanamume. Akaletewa kichwa kilichoota bustani, na mkasi umetua juu yake kama kunguru. Muuza nyama alikuja amefura. "Bibi, ng'ombe wangu umemvisha miwani!" Bibi akamjibu bila kuinua brashi, "Sasa atasomaje bei zako?" Bango likabaki, na watu wakawa wanavuka mitaa miwili kuja kumtazama ng'ombe msomi.

Michoro yake ya moyoni ilikuwa chumbani, kwenye vipande vya plaiwudi vilivyoegemezwa ukutani hadi dirishani. Aliichora alfajiri, angali na nguo za kulalia, kabla hajasema na mtu. Ndoto, alisema, hukaa mdomoni. Ukiufungua tu, imekwenda. Kila picha ilikuwa na babu, aliyefariki kabla sijazaliwa bila kuacha hata picha moja ya kamera. Mara anapanda ngazi za maji, mara anafungua kabati lililojaa mawingu, na siku zote ametupa mgongo. Bibi alikuwa ameisahau sura yake, na hilo lilimuuma kuliko msiba wenyewe.

"Iko siku atageuka," aliniambia. "Mimi namngoja hapa hapa."

Nilikuwa na miaka saba, mtoto mwenye adabu za kupitiliza. Asubuhi moja nilimkuta ameshika brashi, macho yakiwa mbali, na wala sikufikiri.

"Shikamoo, bibi!"

Shikamoo haiachwi hewani. "Marahaba," ikamtoka yenyewe. Kisha akaiweka brashi chini taratibu. "Alikuwa anaanza kugeuka," akasema. Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Tangu hapo sikuthubutu kumwamkia asubuhi. Nilikua, nikaolewa, nikarudi kumuuguza, na bado nilimpelekea chai kwa kunyata kama mwizi. Miaka thelathini alichora mgongo, na kila mgongo niliuona ni kosa langu.

Mwaka jana, asubuhi, nilimkuta ameketi, rangi imempanda hadi kwenye nyusi. Picha ubaoni ilikuwa haijakauka. Babu alisimama kwenye barabara inayoning'inia hewani, na alikuwa amegeuka. Uso mpana, jino moja limepanda juu ya jingine, mdomo wazi.

"Alikuwa anakwenda zake, kama kawaida," bibi akasema. "Mara nikasikia sauti yako ya utotoni ikimwamkia. Akageuka, mjukuu wangu. Ni wewe uliyemgeuza."

Nililia bila haya. Kisha nikauliza, "Hapo anasema nini?"

"Si anataka kukuitikia! Mwamkie basi, rangi inamkaukia mdomoni."

Nikausogelea ubao. "Shikamoo, babu," nikasema, na bibi akafumba macho kusikiliza.