Pima Tatu za Wimbo wa Bendi ya Dobi

Ile bendi yetu ya roki, wale wazungu wa nyimbo ndefu, imetoa albamu mpya, nami tangu juma lililopita sijalala usingizi wa haki. Si kwa ubaya wa muziki. Muziki ni mzuri, ingawa ukisema hivyo katika kundi letu la simu utatukanwa wewe na ukoo wako hadi babu wa saba. Kilichoninyima usingizi ni wivu, rafiki yangu, na wivu wenyewe una umri mkubwa kuliko simu zote hizi. Sogea nikupe kisa.

Katika albamu hiyo wazee wale wamerudia wimbo wao wa zamani, ule ule uliotulea Malindi, na katikati yake mna filimbi. Basi mashabiki wakagawika kama nazi iliyopigwa upanga. Mwalimu mmoja wa kike wa Kibarani akaandika kwamba filimbi ile imemtoa machozi mbele ya wanafunzi. Bwana mmoja wa Takaungu akamjibu kuwa hiyo ni asali iliyomwagwa katika mchuzi wa papa. Mwingine akasema wenye kuichukia wana masikio ya kuvalia vipuli tu. Kisha akaingia jirani yangu wa utotoni, ambaye ndiye mwenyekiti wa kundi, na waraka mrefu kuliko wimbo: filimbi haikuwepo, haikupata kuwepo, na anayedai ilikuwepo hakulelewa na wimbo huu. Mwalimu akaleta rekodi ya kale yenye filimbi. Jirani akasema ni ya kughushi. Tena akatangaza kwamba Jumamosi alasiri amealikwa redioni, awaeleze watu wa pwani nzima jinsi wazee wale walivyouharibu wimbo wao wenyewe.

Sasa mimi nikawa nimekaa na simu mkononi. Filimbi ilikuwepo. Najua kwa kuwa mimi ndiye niliyeikata.

Baba yake jirani alikuwa dobi katika hoteli moja ya ufukweni, mtu aliyenyoosha shuka mpaka ukaogopa kuzikalia. Siku moja mgeni aliyekuwa akirudi kwao alimwachia redio ya kaseti na kanda moja. Karatasi ya kanda ilikuwa imesahauliwa ndani ya mfuko wa suruali ikafuliwa nayo, kwa hiyo jina la bendi lilitoka kwa sabuni. Nasi tukaiita Bendi ya Dobi, na kwa miaka mingi nisingeshangaa kuambiwa wale wazungu nao walikuwa wakifua.

Dobi akampa mwanawe vyote viwili. Nyumba yao nzima, mtaani Shella, ilijaa watoto, nami nikajaa kijicho hadi nikashindwa kula mbaazi, mimi ambaye kwa mbaazi na mahamri ningeweza kuhama kwetu. Nyumbani kwetu kilichoimba kilikuwa jogoo, naye hakuwa na upande wa pili. Nyanya aliniona nimenuna akasema, "Kijicho hakinenepeshi, mjukuu wangu." Nikamjibu moyoni kwamba mimi sitaki kunenepa, nataka redio.

Lakini kanda ilifika na dosari. Redio ilikuwa imeila kule kule hotelini, na utepe wake ulitoka nje umevurugika kama nywele za mtu aliyeamshwa. Hakuna aliyeweza kuunyoosha ila mimi. Nyanya yangu alikuwa akisuka ukili wa mikeka, ule ukanda mrefu wa miyaa, na kazi yangu kila siku ilikuwa kuukunjua, kuupima kwa mikono miwili iliyotandazwa, pima moja, pima mbili, na kuuunga pale ulipokatika. Vidole vyangu vilizoea vitu virefu vyembamba. Basi jirani akaniletea kanda kabla hata hajaisikiliza, akanikabidhi kwa mikono miwili kama anayenipa mtoto mchanga.

Nilikaa ukumbini. Fundo lenyewe lilikuwa dogo, dakika kumi za subira lingekwisha. Tatizo ni kwamba dirishani nilimsikia akiwapangia watoto mahali pa kukaa kwenye baraza lao: wewe hapa karibu na redio, wewe pale, na yule anayetengeneza, yaani mimi, mwisho kabisa kwenye kona ya banda la kuku. Banda la kuku! Damu ilinipanda mpaka nikaona nyota mchana. Nikachukua wembe. Nikakata fundo, halafu nikaendelea kuvuta utepe mzuri, mzima, nikiupima kama ukili: pima moja, pima mbili, pima tatu. Nikakata tena, nikaunga ncha kwa rangi ya kucha ya dada yangu. Nilijiambia: na awe nayo, lakini asiwe nayo nzima. Zile pima tatu nikazitundika uani juu ya papa aliyeanikwa, zimeremete na kufukuza kunguru, maana kunguru wa Malindi hawaogopi hata serikali.

Na mimi mjinga sikujua kwamba utepe huimba pande zote mbili. Wivu wangu uliharibu nyimbo mbili kwa bei ya moja.

Ah, lakini alasiri zile! Tulitoka chuo cha Kurani na vitabu kwapani, mama yake jirani akikuna nazi kizingitini, harufu ya bajia ikitoka nyumba ya pili, nasi tukijipanga barazani kama waumini. Wimbo ulikuwa mrefu, nakwambia ungeweza kwenda Mambrui kwa miguu, ukala chakula cha harusi, ukarudi ukamkuta mpiga kinanda bado anajitengeneza. Mama yule alikuwa akiutumia kama saa: upande mmoja wa kanda, nazi mbili. Kisha ngoma zilikuja juu, gitaa likapiga kelele, ukadhani sasa mambo yatakuwa makubwa, na ghafla, paa! mwimbaji akaingia analia katikati ya neno. Pale ndipo penye wembe wangu, na pale pale ndipo, kwa maelezo ya mwalimu wa Kibarani, filimbi inapolia. Sisi tulipaita mruko. Jirani aliinua kidole pumzi moja kabla, na baraza zima likapiga kofi moja na kupaza sauti: "Hewaa!" Hata kuku nyuma yangu walishtuka.

Unaona dhuluma ilivyogeuka? Mruko niliutengeneza mimi, sifa za mruko akala yeye. Watu walikiangalia kile kidole kama kinashusha mvua. Duka la kurekodi la sokoni likatoa nakala kutoka kanda ile ile, binamu wakazipeleka Takaungu na Kilifi, na kila zilikofika watoto walijifunza kupiga kofi pale pale. Nami nilikaa kwenye banda la kuku, mtunzi asiyejulikana, nikitafuna hasira. Hata baadaye, nilipokwenda kupata cheti changu shule ya usiku nikiwa na ndevu na watoto wawili, nilikuta mwanafunzi mwenzangu akigonga wimbo ule mezani, na mruko wake ndani.

Kwa hiyo jirani alipotangaza mambo ya redio, nakiri, nilifurahi kwanza. Siku mbili nilijinyamazia nikimwona akilini, kidole juu, pwani nzima ikimcheka. Siku ya tatu nikamkumbuka yule mtoto aliyenikabidhi kanda kwa mikono miwili. Ijumaa baada ya swala nikaenda kwao.

Mama yake alikuwa mlangoni, mzee sasa, anachambua mchicha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kula au umekuja kugombana?"

"Tutaanza na la pili, mama."

Jirani alikuwa ndani na miwani usoni, ameandika hotuba kurasa nne. "Yakhe, keti unisikilize," akasema. "Kesho nawamaliza."

"Kesho usiseme filimbi haikuwepo. Ilikuwepo. Niliikata mimi."

Akacheka. "Wewe ukate nini? Wewe hata kucha hukati."

Nikamsimulia wembe, ukili, rangi ya kucha, kunguru. Kicheko kikapungua kidogo kidogo, kama redio inayoishiwa betri. Kutoka mlangoni sauti ya mama yake ikasema, "Ndiyo. Mwaka ule papa wa nyanyako hawakuguswa. Nilimwuliza dawa yake ni nini, akaninyima."

Jirani akavua miwani. "Pima ngapi?"

"Tatu."

"Na kwa nini, ndugu yangu? Nilikukosea nini?"

"Uliniweka kwenye banda la kuku."

Akainua kile kidole cha mruko. "Pale ndipo palipokuwa na kivuli, mpumbavu wewe! Sisi wengine tulikaa tunaungua. Nilikuwekea wewe kwa sababu umetengeneza kanda."

Mtu mzima, na cheti changu cha shule ya usiku, nikatazama mkeka.

Nilidhani ataacha kwenda redioni. Humjui mwanadamu! Alikwenda, akachana hotuba, akawaeleza watu kwamba Malindi tuna wimbo wetu wenyewe, pungufu ya ule wa wazungu kwa pima tatu, na kwamba anamwomba radhi mwalimu wa Kibarani. Simu zikamiminika. Yule bwana wa Takaungu aliyesema asali katika mchuzi sasa anasema filimbi ikae Ulaya na mruko ukae kwetu. Yule mwalimu mwenyewe ameomba nakala ya kanda iliyokatwa. Jirani anasalimiwa sokoni kama mbunge. Na mimi? Redioni aliniita "jirani mmoja aliyekuwa na wembe". Mmoja! Hilo ndilo linalonifanya nigeuke kitandani kama chapati.

Hata hivyo niliposikiliza albamu yote, mara ya kwanza filimbi ikiwa masikioni mwangu mwenyewe, nilihuzunika kuliko nilivyotarajia. Lile baraza lilivunjwa, pamejengwa ukuta wenye lango la chuma. Duka la kurekodi ni la vifuniko vya simu. Kila mtu ana nyimbo zote za dunia, nzima, hazijapungua hata shubiri, na anazisikiliza peke yake. Zamani nilikuwa na mtu mmoja tu wa kumwonea kijicho, nyumba ya tatu kutoka kwetu, na ili nimwonee vizuri ilinilazimu kwenda kukaa naye kila alasiri. Siku hizi nafungua simu asubuhi nikawaonea kijicho watu elfu nisiowajua, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeniwekea mahali pa kukaa.