Vyeti vya Wafinyanzi

Kunipeleka shule ya sanaa kulikuwa adhabu, nisifiche. Miaka michache baada ya vita vikuu vya pili nilikuwa mwalimu wa darasa la nne katika shule ya misheni juu milimani, nikakataa kuwachapa watoto waliokwenda kucheza ngoma ya mavuno. Muhula haukuisha, nikateremshwa mjini Morogoro kusimamia shule ya sanaa za mikono: mabanda mawili upande wa Mafiga, walimokusanywa vijana walioshindwa mitihani kwingine. Walidhani wamenitupa jalalani. Nami nikasema moyoni, mtaona.

Walimu wa kuchonga na kusuka walikuja na karatasi zao za ualimu. Wa ufinyanzi hakupatikana. Nikapanda milimani hadi Kinole kumtafuta bibi mmoja ambaye nusu ya milima ile ilipikia vyungu vyake. Nilimpa shikamoo, nikamweleza haja yangu. Akanitazama tangu viatu hadi kofia.

"Nitakuja," alisema. "Ila uniite mwalimu, kama wenzangu. Sitaki jina jingine."

Nikakubali. Alifinyanga akikizunguka chungu kinyumenyume, na vijana walioitwa wajinga wakamfuata hatua kwa hatua. Aliyekosea alibomolewa kazi yake bila neno, akaanzishwa upya. Baada ya miaka miwili mitungi yao ilikuwa haivuji.

Wakati wa vyeti ukafika. Kila cheti kilitaka sahihi mbili, ya mwalimu wa somo na ya mkuu wa shule. Bibi hakujua kuandika, akaweka dole gumba. Bwana Elimu, mzungu aliyekuwa juu yetu, akavikataa vyote kumi na viwili, akaja mwenyewe na karatasi mpya.

"Asiyejua kuandika si mwalimu," aliniambia, bibi akisikia. "Tafuta sahihi ya mtu mwingine, na huyu umwandike kibarua. Ama sivyo vijana hawapati vyeti, na wewe huna kazi."

Bibi alikuwa akikanda udongo. Hakuinua kichwa, lakini mikono yake ilisimama. Mfinyanzi hulia gaeni, walisema wahenga, na sijapata kuichukia methali kama siku ile. Nilikuwa na mke na watoto wanne. Niliogopa, sikatai, ila hasira ilikuwa kubwa kuliko woga.

"Kibarua hafundishi, bwana," nilimjibu. "Aliyewafundisha ni huyu."

Nikamwomba bibi anawe mikono, aweke tena dole gumba lake penye nafasi ya mwalimu. Akaweka. Kisha mimi, mkuu wa shule mwenye cheti cha ualimu, nikachovya dole gumba langu kwenye wino uleule, nikabonyeza chini ya lake, mara kumi na mbili. Nikamkabidhi Bwana Elimu karatasi zake.

"Sasa tusiojua kuandika tuko wawili," nikamwambia. "Tufukuze wote."

Alizitia mkobani, akaondoka bila kuaga. Wiki tatu nilikwenda kazini nikisubiri barua ya kufukuzwa. Iliyokuja ilikuwa bahasha kubwa, na ndani yake vyeti vyetu kumi na viwili, vyote vimepigwa mhuri.